Kondoo wa milimani, mguse mgongoni

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma kilimo Palmerston North, New Zealand. Mwezi Agosti chuo kinatupeleka kutembelea shamba la kondoo la milimani. Mimi ni mtoto wa mfugaji wa Singida, kondoo nimechunga tangu utoto. Wenzangu wameshajaza daftari maswali, mimi sijui hata niulize nini. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nami nilipelekwa shamba la namna hiyo, mwezi huohuo, majike yakikaribia kuzaa. Nikamwona jike mmoja wa aina ya Romney kajaa sufu, nikamwambia mwenye shamba, "Huyu kanona." Hakunibishia. Alinishika mkono, akauweka nyuma ya ubavu wa mwisho. Chini ya ile sufu uti wa mgongo ulikuwa umechomoza kama vifundo vya ngumi, na tumboni alikuwa na mapacha!

Basi omba umguse. Kidole gumba juu ya uti, vingine pembeni, kwenye ncha za vile vifupa vifupi. Zikichoma, huyo kakonda sana: alama yake ya unono ni 1 katika 5. Ukilazimika kubonyeza kwa nguvu ndipo uzipate, ni 3, na jike mwenye mimba anatakiwa awe hapo. Ukirudi Singida, wa kwetu washike na mkia pia, maana akiba ya mafuta wanaiweka huko.

Kisha tazama mlima wenyewe. Mchana kondoo hula mteremkoni, usiku hupanda kulala kileleni palipo tambarare. Samadi inabaki huko juu, nyasi zinakoza kijani, huku mteremko unazidi kuchoka. Trekta halipandi pale. Ndiyo maana tangu 1949 wanamwaga mbolea ya fosfeti kwa ndege ndogo. Muulize mwenye shamba sasa anamudu kumwaga mara ngapi, kwa sababu kwa miaka mingi sufu yao nene mara nyingi haikulipa hata gharama ya kunyoa. Wanaishi kwa nyama. Mwaka 1982 nchi ile ilikuwa na kondoo milioni 70 hivi, leo hawafiki milioni 30.

Gambuti zioshe kabla ya kwenda, udongo hubeba magonjwa. Mbwa wa huntaway anaswaga kwa kubweka; usimwite akiwa kazini, wala usisimame langoni kundi likipita.

Swali la kuuliza ni hili: mwaka jana ultrasaundi ilionyesha wanakondoo wangapi tumboni, na wangapi walifika kuachishwa kunyonya? Namba hizo ziandike mapema, mvua ya huko ikianza daftari halifunguki.