Kutenganisha mikrokontrola na amplifaya

Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza kwa nini amplifaya ya kanisa inanguruma tangu ulipoifungia mikrokontrola (chipu ya kompyuta ndogo ya kuiongoza), ingawa umeshaweka optokapla za PC817, yaani vijenzi vinavyopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana. Naamini kasoro iko kwenye graundi, yaani waya hasi wa pamoja wa saketi: kwa kuwa pande zote mbili zinalishwa na pawasaplai moja, waya hasi unaziunganisha tena, na utenganisho wako unabaki wa jina tu. Upe upande wa mikrokontrola transfoma yake, wala usiruhusu shaba yoyote ya graundi ivuke mstari unaogawa bodi. Panapopita volti 230, acha angalau milimita 6 kati ya pande hizo na ukate mwanya chini ya optokapla, maana vumbi likilowa kwa ukungu wa huko kwenu hupitisha umeme juu ya bodi. PC817 inatosha kwa rilei (swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme), ambayo koili yake ifungiwe daiodi ya 1N4007 kinyume. Kwa data ya I2S, yaani sauti ya kidijitali inayopita kati ya chipu, PC817 haina kasi ya kutosha, hivyo tumia aisoleta ya kidijitali (chipu ya kutenganisha yenye kasi) kama ISO7741. Waya wa ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini) wa boksi la chuma usiukate kamwe ili kuondoa mngurumo. Mafundi wengi hufanya hivyo, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu hitilafu ikitokea boksi zima litakuwa na umeme.