Kwa mwanangu, aliyeuliza kama tulimpenda baba kupita kiasi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: kama Buddha alifundisha kwamba tamaa ndiyo chanzo cha mateso, na Yakobo naye, katika waraka wake kwenye Biblia, anasema vita vyetu vyatoka katika tamaa zetu, je, tungempenda baba yako kwa kiasi, msiba huu usingetuuma hivi?

Buddha watu humsingizia. Aliondoka kwao akiwa na miaka 29, akajitesa kwa kufunga miaka sita hadi akabaki mifupa mitupu, na alichokitafuta hakukipata. Ndipo akapokea wali wa maziwa kutoka kwa Sujata, akala. Wenzake watano wakamkimbia wakidhani amerudia anasa. Ni hao hao aliowahubiria kwanza, pale Sarnath, India: msizame katika starehe, wala msijitese, shikeni njia ya kati. Mzizi wa mateso, kwake, ni ule uchu wa kung'ang'ania, kutaka kinachopita kisipite. Hakumwambia mtu aufanye moyo wake jiwe. Huruma kwa kila kiumbe ni sehemu ya mafundisho yake.

Alisema pia kwamba mtu asiye na mafunzo akichomwa mshale wa maumivu, hujichoma wa pili kwa kuhangaika nayo moyoni. Hapo nilikuona wewe, mwanangu. Baba kufariki ni mshale wa kwanza, hakuna aliyeweza kuuzuia. Lakini kila usiku unajiuliza kama ungepata basi la mapema ungemkuta hai. Huo wa pili uache, nakuomba.

Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale na Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354, alifiwa na rafiki wa ujanani akakaribia kuvunjika. Baadaye aliandika katika kitabu chake, Maungamo, kwamba alimpenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa kamwe. Angeweza kukaa na wale watano wa Sarnath wakaelewana! Ila yeye hakuona dawa katika kupunguza upendo. Aliona heri ni ya mtu ampendaye rafiki yake ndani ya Mungu, maana kwa Mungu hapotei.

Hapo ndipo njia zinapoachana, na sitakuficha. Buddha anatafuta moto wa kiu hiyo uzimike. Sisi tunangoja ufufuo, na kungoja ni kutamani. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, hata hivyo alilia machozi. Sijapata kuona mahali alipowakemea Martha na Mariamu kwa kumpenda ndugu yao mno.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Baba yako tulimpenda sawasawa, na maumivu haya ni haki yake.

Arobaini ni Jumamosi. Njoo siku moja kabla tugawe nguo zake. Koti la kijivu ni lako ukilitaka. Viatu nimeshamwahidi mlinzi wa kanisani, vinamtosha.

Mama yako