Mwanangu, kuhusu ile pampu

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza mawili kwa mpigo: kile kijiji cha jimbo la Punjab, India, nilichokuwa nakwenda likizo nilipokuwa nasoma Ludhiana kilikuwaje, na kwa nini kila ukitaja kuchimba kisima cha pampu kwenye mpunga wako hapo Mbarali mimi nageuza mazungumzo. Jibu ni moja.

Nyumba zilibanana katikati, mashamba yakalala tambarare pande zote. Asubuhi wanawake walikanda samadi ya nyati wa kufugwa, wakaibandika ukutani kama chapati ikauke iwe kuni. Kila moja ilibaki na alama ya vidole vitano. Wazee wa nyumba ile hawakuzaliwa pale. Mwaka 1947 India ilipogawanywa walitoka Lyallpur, leo Faisalabad ya Pakistan, kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakapewa nyumba na ardhi ya Waislamu waliokimbilia upande wa pili. Bibi yake rafiki yangu alianza maisha akipikia kwenye jiko la mtu asiyemjua.

Mimi mgeni, tena Mwafrika, nilipewa glasi ya stili sawa na mwenye nyumba. Yule Dalit, mtu wa tabaka linalohesabiwa la chini kabisa huko, aliyewalisha nyati wao tangu ujana alikuwa na kikombe chake, kimewekwa juu ya ukuta wa nje, akakiosha mwenyewe. Nilikunywa chai yangu nikanyamaza. Mpaka leo inanikera.

Sasa maji. Zamani walilima ngano, mahindi na dengu. Mpunga kidogo sana. Miaka ya 1960 ikaja mbegu ya ngano fupi kutoka Mexico, mbolea za viwandani na visima vya pampu, halafu mpunga ukashamiri kwa kuwa serikali iliununua kwa bei iliyotangazwa mapema. Na wenyewe wala si walaji wa wali! Chakula chao chapati, mpunga wa kuuza. Mwezi Juni vibarua walishuka kwenye treni kutoka Bihar, jimbo jingine la India, kuja kupandikiza miche, migongo imepinda juani. Mwaka 1997, nikiwa huko huko, serikali ya jimbo ikawaondolea wakulima bili ya umeme wa pampu. Nani angezima?

Mzee wa nyumba alinipeleka kwenye shimo la pampu yake. Pampu ya kuvuta haivuti maji ya mbali, kwa hiyo yakishuka unachimba shimo na kuishusha iyafuate. Ukutani zilibaki alama za bolti kila ilipowahi kukaa: moja karibu na ukingo, ya pili chini yake, ya tatu, ya nne. Alizigusa kwa fimbo moja moja. Akaniambia sasa itabidi anunue pampu ya kuzamisha majini, kwa mkopo wa dalali yule yule anayepitishia ngano yake kuiuza.

Mwaka 2009 jimbo lilitunga sheria ya kuzuia kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili jua kali lisiyanyonye maji. Yameendelea kushuka.

Sijasema usichimbe. Ila kabla hujamlipa fundi, funga jiwe kwenye kamba, pima kisima cha jirani yako wiki hii, kisha pima tena mwisho wa Oktoba kabla mvua hazijaanza. Kila mara piga fundo maji yanapoishia. Hela ya mabomba nitachangia, lakini kamba hiyo uje nayo niione.

Mama yako anasema mchele wa mwaka jana umekwisha.

Baba yako