Bathtabu inunuliwe mwisho: kazi za kumaliza bafuni kabla haijafika barazani

Wiki hii dada mmoja anayejenga Mbezi amenitumia picha mbili. Ya kwanza ni bathtabu mpya, nyeupe, bado imevaa nailoni ya dukani, imeegemezwa ukutani barazani. Ya pili ni sakafu ya bafu lake. Vigae vimeshapangwa, grauti imekauka, na bomba la maji machafu limechomoza upande wa dirisha. Tundu la bathtabu liko upande wa mlango. Swali lake ni fupi: "Kaka, fundi anasema tuvunje. Kweli hakuna njia nyingine?"

Kwa bathtabu hiyo hakuna, dada yangu. Bathtabu yako ni ile ambayo ubao wa mbele umetengenezwa pamoja nayo, kwa hiyo ukiigeuza ili tundu lifuate bomba, ubao utaangalia ukuta na mgongo mtupu utakuangalia wewe. Inaniuma kukwambia hivyo kwa sababu vigae vile vimepangwa kwa mkono wa fundi anayejua kazi. Kosa halikuwa lake. Aliitwa kupanga vigae kabla mtu yeyote hajajua bathtabu ipi inakuja.

Ndugu zangu tunaojenga, tuanzie hapo. Chagua bathtabu mapema, andika vipimo vyake vyote, kisha iache dukani. Pesa yako itangulie chini ya sakafu. Unayoyahitaji kwenye karatasi ni urefu, upana, kimo, umbali wa tundu kutoka kila ukingo, na kama tundu liko kulia au kushoto ukiwa umesimama mbele yake. Za kawaida madukani ni sentimita 170 kwa 70, na ndogo yake 150 kwa 70. Chora umbo lake kwa chaki sakafuni, ukubwa halisi, na weka alama mahali pa tundu. Fundi bomba afuate chaki hiyo, asifuate kumbukumbu.

Halafu mlango. Bathtabu ya upana wa 70 hupita kwenye mlango wa bafu ikisimamishwa na kuingizwa kwa ubavu, kwa sababu kimo chake mara nyingi ni kati ya 50 na 60. Tatizo ni kona ya korido. Chukua maboksi ya friji, yagundishe yafikie urefu na kimo cha bathtabu, myabebe watu wawili kutoka getini mpaka bafuni. Boksi likikwama, bathtabu itakwama. Hapo tu ndipo inunuliwe mapema: kama nyumba bado haijapauliwa au fremu hazijafungwa, iingize wakati huo, uifunike kwa maturubai na mbao juu yake ili saruji na nyundo zisiidondokee.

Sasa tushuke chini, maana ndiko kazi iliko. Bathtabu hutoa maji kwa bomba la inchi moja na nusu, na bomba la kupokea sakafuni liwe la inchi 2. Mteremko wake ni sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Kama kutoka kwenye tundu hadi chemba ya nje ni mita 4, bomba lishuke sentimita 8 hadi 10. Mteremko ukiwa mdogo, maji yanalala ndani ya bomba, sabuni na nywele zinaganda, na baada ya miezi utakuwa unazibua kila mara. Mafundi wengi hukadiria kwa jicho. Mpe pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa na mteremko, mkononi, na asipoitumia, simamisha kazi.

Chini ya tundu lazima pakae trapu, ule mpindo wa bomba unaobaki na maji ili harufu ya chemba isipande chumbani. Kina cha maji hayo kisipungue sentimita 5. Trapu inahitaji nafasi, kwa kawaida sentimita 10 hadi 12 kati ya tumbo la bathtabu na sakafu. Miguu ya bathtabu ikiinua kiasi hicho, una bahati. Isipoinua, ndipo fundi anapoamua kufunga bomba bila trapu kabisa, na hapo ndipo wengi wanalia harufu kwa miaka bila kujua inatoka wapi. Dawa yake ni kuacha shimo kwenye jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, sentimita 30 kwa 30 na kina cha 15, kabla zege halijamwagwa. Kisanduku cha mbao kilichowekwa siku ya zege hakigharimu kitu; kuvunja jamvi lililokomaa ni siku nzima ya vumbi.

Kwenye ghorofa usichimbe slabu, ile sakafu ya zege ya juu. Ukikutana na nondo usizikate, hata fundi akuapie nini. Inua bathtabu juu ya ngazi moja ya tofali, au mwambie mhandisi ashushe slabu ya bafu tangu kwenye mchoro. Na hesabu uzito: bathtabu ya akriliki, plastiki ngumu, ina kilo 30 hivi, maji lita 150 ni kilo 150, mwogaji kilo 80. Hizo ni kilo 260 juu ya eneo lisilozidi mita moja na robo ya mraba. Ile ya chuma cha kusubu peke yake inapita kilo 100. Slabu ya zege iliyopigiwa hesabu hubeba. Sakafu za kale za Mji Mkongwe, boriti za mikoko zilizofunikwa mawe na chokaa, ni habari nyingine: uzito ni tatizo la kwanza, na kuvuja ni la pili lililo baya zaidi, kwa sababu boriti huoza ndani ya ukuta pasipoonekana. Huko bathtabu ikae chini, au isiwepo.

Maji ya kuijaza nayo yapimwe. Chukua ndoo ya lita 20, fungua bomba la bafuni mpaka mwisho, angalia saa. Ikijaa kwa dakika 2, lita 150 zitachukua robo saa, na hiyo ni nzuri. Ikichukua dakika 5, utasubiri zaidi ya nusu saa na maji ya moto yatakuwa yanapoa huku unangoja. Tanki lililo juu ya bomba kwa mita 3 linakupa msukumo wa ba 0.3 tu (ba ni kipimo cha msukumo), wakati mikisa nyingi nzuri, yale mabomba yanayochanganya maji ya moto na ya baridi, zinataka ba 1. Vuta bomba la robo tatu kutoka tankini hadi bafuni badala ya nusu inchi, au weka pampu ndogo. Na ukumbuke kwamba kuoga kwa watu wawili ni karibu theluthi ya tanki la lita 1,000, wiki ambayo maji ya bomba hayatoki.

Kuhusu moto, ile heta ya kuoga inayofungwa juu ya bomba haijazi bathtabu. Ya kilowati 5.5, ukitaka maji yapande kutoka nyuzi 25 hadi 40, inatoa lita 5 hivi kwa dakika. Unahitaji heta ya tanki. Lita 50 kwenye nyuzi 60, zikichanganywa na ya baridi, zinakupa lita 115 za kuogea. Lita 80 zinavuka 180. Kupasha hizo 80 ni uniti zaidi ya 3 za umeme kila mara. Swichi yake ikae nje ya bafu, waya wa ardhi uwepo kweli, na kuwe na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata umeme ukivuja. Hili halina mjadala, na soketi ndani ya bafu usiweke.

Wengi husahau shimo la maji machafu nje. Ukivuta kizibo, lita 150 zinashuka kwa dakika chache. Zikiingia kwenye septiki ndogo kwa mkupuo huo, zinavuruga tope lililotulia na kulisukuma hadi shimo la kunyonya, lile linaloachia maji yazame ardhini, ambalo likiziba halizibuliki kirahisi. Maji ya kuoga yapitie bomba lake, yaende moja kwa moja kwenye shimo la kunyonya. Ya chooni yabaki kwenye septiki.

Bomba zikiwa tayari, paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, sakafu yote na ukutani hadi sentimita 20 juu ya ukingo wa bathtabu; kama kuna shawa, panda hadi mita 2. Kona ziwekewe kitambaa chake. Kisha ziba tundu, mwaga maji kina cha sentimita 2, chora mstari wa penseli ukutani, uondoke kwa saa 24. Mstari ukibaki mahali pake na dari ya chini ni kavu, mwite sasa fundi vigae.

Bathtabu ikishafika, usikubali ijazwe mchanga chini yake. Mchanga unanyonya uvujaji na kuuficha. Akriliki inataka kitanda cha mchanganyiko wa saruji na mchanga chini ya tumbo, au miguu yake yote ikikaza sawasawa, vinginevyo itanesa na kupasuka tunduni. Ukuta wa tofali unaojengwa mbele yake uache mlango wa sentimita 40 kwa 40 upande wa trapu. Kigae kinachoshikwa kwa sumaku kinaufunika, na siku bomba likiziba utaufungua kwa mkono badala ya patasi.

Silikoni ya ukingoni ndiyo ya mwisho, na ipakwe bathtabu ikiwa imejaa maji hadi juu, maana ikijaa inashuka milimita kadhaa. Ukiipaka ikiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga itabanduka. Iache imejaa saa 24. Kisha vuta kizibo, piga magoti kwenye kile kimlango, washa tochi ya simu na upitishe karatasi ya chooni kavu kwenye kila kiungo cha trapu maji yakiwa yanashuka.