Baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu

Swali: Ndugu wahariri, nataka kupita na baiskeli kwenye njia ya kilomita 18 ambayo wengi huitembea kwa miguu. Ina mizizi, ngazi za mawe na sehemu nyembamba ubavuni mwa mlima. Mimi nimezoea barabara za vumbi tu. Nijiandae vipi, na itanichukua muda gani?

Jibu: Kabla ya yote, soma kibao cha pale njia inapoanzia. Kuna njia ambazo baiskeli hairuhusiwi hata ukiisukuma. Marekani, kwa mfano, kwenye misitu ya taifa iliyotengwa ibaki mwitu, kanuni inakataza hata kuwa nayo tu. Kama hairuhusiwi, iache nyumbani.

Muda uhesabu kwa miguu yako, si kwa magurudumu. Mahali panapopandika utakwenda kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Pa kusukuma, 2 hadi 3. Ikiwa nusu ya njia yako ni ya kusukuma, hizo kilomita 18 zitakula saa nne hadi tano na nusu hivi, bila mapumziko. Watu wengi huishiwa maji hapa, kwa sababu walibeba ya safari ya saa mbili. Vaa viatu vya kutembelea vyenye soli inayoshika mawe.

Upepo wa tairi upunguze, ila kwa kiasi. Kwa tairi la inchi 2.2 lenye tyubu na mtu wa kilo 70 hivi, anza na psi (kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye pampu) 28 mbele na 31 nyuma. Likijaa sana linadunda juu ya mizizi na kuteleza. Likilegea sana, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu. Ukiifungua ukakuta matundu mawili yamekaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka, usipoteze muda kutafuta mwiba: ziba yote mawili, kisha ongeza upepo.

Kusukuma nako kuna namna yake. Kaa upande wa kushoto, mbali na cheni, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti. Kwenye mpando mkali shika usukani kwa mikono yote miwili: sogeza baiskeli mbele, bana breki, piga hatua mbili ukiiegemea, achia, sogeza tena. Breki zikishika vizuri, baiskeli inakuwa kama mkongojo. Kwenye sehemu nyembamba ya ubavuni, wewe kaa upande wa mlima na baiskeli iwe upande wa bonde, hata kama cheni itakuchafua. Ikiteleza, iachie, ingekuwa upande wa juu, ingekusukumia chini.

Ngazi ndefu ni za kubeba. Toa chupa ya maji kwenye fremu, inama ukiwa upande wa kushoto, pitisha bega la kulia ndani ya pembetatu ya fremu, kisha mkono wa kulia upite chini ya bomba la mbele ushike usukani usiyumbe. Kitambaa kilichokunjwa begani kitakuokoa, maana kilo 13 za chuma zinauma upesi.

Ukikutana na watembeaji, shuka na uwapishe. Ukiwa nyuma yao, toa sauti ungali hatua ishirini hivi. Kengele ya ghafla mgongoni humfanya mtu aruke, na pengine anarukia bondeni.

Swali: Baiskeli iliangukia upande wa kulia kwenye mawe. Sasa nikiweka gia nyepesi kabisa, nasikia kitu kinagusa spoku. Niendelee?

Jibu: Usiendelee na gia hiyo. Simama nyuma ya baiskeli utazame: vigurudumu viwili vidogo vinavyopitisha cheni vinapaswa kusimama wima, sawa na gia ya juu yake. Vikiinamia ndani, kile kipande cha aluminiamu kinachoshikilia mkono wa gia, ule wenye vigurudumu hivyo, kwenye fremu kimepinda. Ukilazimisha, spoku zitaudaka mkono huo na kuung'oa. Kaa kwenye gia za katikati hadi ufike. Kipande hicho unaweza kukinyoosha taratibu mara moja. Kikipindwa tena na tena hukatika. Beba cha akiba, lakini hakikisha ni cha fremu yako, kwani aina ni nyingi na haziingiliani. Kukifunga kunahitaji alenki tu, ule ufunguo wa pembe sita.

Swali: Mvua imenyesha usiku kucha. Niende?

Jibu: Ikiwa njia ni ya udongo, ahirisha siku moja au mbili. Tairi huchimba mfereji, mvua inayofuata inaupanua, na anayeteseka ni mtembeaji. Ukikuta dimbwi njiani, shuka upite katikati yake. Wanaozunguka pembeni ndio wanaoitanua njia.