Maswali yenu: simulesheni za jeshi na programu huria za kupashana data

Watu wa Amu na Malindi mmeniuliza kuhusu programu huria zinazounganisha simulesheni za jeshi, haya twende.

Zafanya nini hasa? (Shela)
Dada yangu, chukulia askari mmoja yuko ndani ya kifaru cha kuigiza Marekani, mwenziwe yuko kwa simyuleta ya ndege nchi nyengine, mashine zatoka kampuni tofauti na wote wanatakiwa waone vita vile vile saa ile ile. Marekani ilianza na SIMNET, mtandao wa kuunganisha simyuleta, miaka ya 1980, ndo ikaja DIS, yaani kanuni ya pamoja ya jinsi mashine zinavyotumiana ujumbe, iliyopewa namba IEEE 1278 mwaka 1993. Kila mashine inatangaza mimi nani, niko wapi, naenda kasi gani.

Neti ya huku si itazidiwa? (mwanafunzi, Malindi)
Hapa ndo uzuri wenyewe mwanangu. Tangazo la kifaru kimoja ni baiti 144 tu kama hakuna nyongeza, na halitumwi kila mara. Nahodha asiyeona nchi kavu huangalia mwendo na mwelekeo akakisia alipofika, basi kompyuta nazo hivyo hivyo, mashine yangu inakisia ulipo na yako inafanya hesabu ile ile, ikiona makisio yameachana na ukweli kupita kiasi mlichokubaliana ndo inatuma tangazo jipya. Ukiwa umesimama inatuma kila sekunde 5 kusema bado nipo, ukinyamaza sekunde 12 hivi mashine za wenzio zinakufuta. Napenda sana hii hesabu jamani.

Ya jeshi halafu iko wazi, si hatari? (Lamu mjini)
Kilicho wazi ni mpangilio wa ujumbe, siri zinalindwa kando kwa mitandao iliyofungwa na kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke na asiye na ufunguo. Faida yake hufungwi na muuzaji mmoja.

HLA na DDS je?
Hizi ni kanuni nyengine za kupashana data, kama DIS. Kwa HLA unapokea ulichoomba tu, DDS pia lakini inatumika hata nje ya simulesheni. OpenDDS ni programu ya DDS ya bure.

Nianzie wapi bila pesa? (Mokowe)
Open-DIS kaka, programu huria ya DIS, ilianzia Naval Postgraduate School, chuo cha jeshi la maji la Marekani kule Monterey, iko ya lugha za kuandikia programu za Python na Java. Laptopu mbili kwa waifai moja, hata bila intaneti, moja itume nyengine isikilize, kisha fungua Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita kwa mtandao, uangalie poti 3000, mlango ambao DIS hupitia, usome kila tangazo. Usishtuke na namba za mamilioni, mahali panapimwa kwa mita kutoka kitovu cha dunia, kwa hivyo ukiingiza latitudo na longitudo za Lamu hivi hivi kifaru chako kitakuwa huko chini kabisa, zigeuze kwanza ziwe mita hizo.