Maswali Yenu: Odi Si Utabiri, na Kikosi cha Taifa Si Mkeka Wako

Kila mashindano makubwa yakikaribia, maswali yanayonifikia hubadilika sura. Zamani watu waliuliza nani acheze namba tisa. Siku hizi wanauliza nani acheze namba tisa ili mkeka utiki, yaani beti ya mechi walizochagua ishinde. AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda, na sitaki tuipokee tukiwa tumeshasahau tofauti ya maswali hayo mawili. Haya, twende.

Kwa nini mshambuliaji wetu Mbwana Samatta hakuitwa kwenye CHAN iliyochezwa hapa Agosti 2025? Huo si ubaguzi? (Msomaji, Tabora)

CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi ya ndani ya nchi yao, na Samatta alikuwa Ulaya. Kanuni hii ipo tangu mashindano yalipoanza mwaka 2009. Tafadhali, kabla ya kumtuhumu kocha ubaguzi, soma kwanza kanuni za mashindano.

Taifa Stars ikikutana na vigogo, kampuni za kubeti zinatupa odi kubwa mno. Wanatudharau, au kuna kitu wanakijua sisi hatukijui? (Msomaji, Mbagala)

Odi ni bei, ndugu yangu: ni namba inayozidisha dau lako ukishinda. Ukilishika hilo, nusu ya mabishano ya vijiweni yanaisha.

Chukua mechi ambayo kampuni imempa mwenye nguvu 1.30, sare 5.00 na mnyonge 9.00. Gawanya 100 kwa kila odi. Utapata kama 77 kwa mwenye nguvu, 20 kwa sare na 11 kwa mnyonge. Jumlisha: 108. Lakini uwezekano wa matokeo yote ya mechi moja hauzidi 100. Hizo nane zilizozidi ndizo riziki ya kampuni, na imeshajiwekea kabla refa hajapuliza filimbi. Kwa hiyo hata pale odi inapoonekana nono, jua kwamba imeshakatwa.

Halafu bei inafuata pesa. Watanzania wakimiminika kuiwekea Stars kwa uzalendo, odi ya Stars inashuka, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyeongeza kasi. Muuza nyanya akipandisha bei asubuhi ya sikukuu hajasema nyanya zimekuwa tamu, ameona foleni. Vivyo hivyo, odi kubwa si tusi na odi ndogo si heshima. Ni hesabu ya mtu anayelinda mtaji wake.

Kama wanajua tusichokijua? Wanajua mengi, lakini mpira wa Afrika haujawahi kuwatii. Timu nane zilifika robo fainali ya AFCON iliyochezwa Cameroon mwanzoni mwa 2022. Miaka miwili baadaye, kule Ivory Coast, hakuna hata moja kati ya hizo nane iliyofika robo fainali. Hata moja! Senegal walikuwa mabingwa watetezi na walishinda mechi zote tatu za makundi, kisha wakatolewa kwa matuta (mikwaju ya penalti) raundi ya 16. Morocco, waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, walipigwa 2-0 na Afrika Kusini. Algeria walifungwa na Mauritania, Tunisia na Namibia, Ghana na Cape Verde, na wote watatu hawakuvuka makundi. Mnyonge kwenye karatasi ya odi si lazima awe mnyonge uwanjani, na hilo Stars wanapaswa kulisikia kabla ya mashabiki.

Nipe timu moja ya uhakika ya kuweka dabo chansi, yaani ishinde au itoke sare. (Wasomaji wengi)

Haipo. Anayekuuzia uhakika anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Mimi naweka timu kubwa tupu, odi 1.30 kila mechi, mechi kumi. Kila mara mkeka unachanwa na timu moja. Nina mkosi gani? (Msomaji, Mwanza)

Huna mkosi wowote. Una hesabu mbaya, na wapo maelfu wenye hesabu hiyo hiyo.

Odi 1.30 ikizidishwa mara kumi inatoa 13.79. Kwa dau la shilingi 1,000 unaahidiwa kama 13,790. Inavutia. Sasa rudi kwenye ile mechi ya mfano hapo juu. Ukiondoa faida ya kampuni, timu ya 1.30 ina nafasi ya kushinda kama mara 71 katika mechi 100. Kuzipata kumi kwa mpigo, nafasi inashuka hadi kama mkeka mmoja katika 30. Maana yake ni kwamba kwa wastani utachoma shilingi 30,000 ili ulipwe 13,790. Ile timu moja inayokuchania kila mara si bahati mbaya. Ndivyo mkeka wa mechi kumi unavyofanya kazi, kwa sababu kila mechi unayoongeza unaongeza pia kipande cha kampuni. Ndiyo maana matangazo yao yanakusifia mikeka mirefu na kukupa bonasi kila ukiongeza timu. Jiulize kwa nini hawakupi bonasi ukiweka mechi moja.

Na timu kubwa nazo zina sababu zake za kukuangusha. Mechi ya tatu ya kundi, timu iliyokwisha kufuzu hupumzisha watu, na wewe unasoma jina la nchi bila kusoma kikosi. Kikosi hutoka kama saa moja kabla ya mechi. Wengi mnakuwa mmeshaweka tangu jana yake.

Mbona Madagascar waliitoa Harambee Stars ya Kenya kwenye robo fainali ya CHAN, na mimi niliwawekea washinde, lakini mkeka ukachanika? Nimeibiwa? (Msomaji, Nairobi)

Hujaibiwa. Mechi ile ilikuwa 1-1 hadi mwisho, Madagascar wakapita kwa matuta. Beti ya kawaida ya mshindi huhesabu dakika 90 na zile za majeruhi tu. Muda wa nyongeza na matuta havimo. Ivory Coast walipochukua AFCON 2024, mechi zao mbili za mtoano, dhidi ya Senegal na Mali, zilikuwa sare ya 1-1 zilipotimia dakika 90. Waliowawekea washinde walishangilia bingwa na kupoteza pesa. Masharti yameandikwa. Yasome.

Kwa nini makocha wetu wanapaki basi, yaani kujaza watu nyuma kulinda lango? AFCON 2024 tulihitaji ushindi dhidi ya DR Congo, tukatoka 0-0. Straika wawili wangeanza, tungefunga. Na mimi nilikuwa na ova 2.5, yaani mabao matatu au zaidi. (Msomaji, Morogoro)

Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyoandika zile za mwanzo. Nasema bila kukukejeli, maana jambo hili linaniuma: mjadala wa kikosi cha taifa umetekwa na mkeka. Mwenye ova anataka washambuliaji, mwenye anda, yaani mabao machache, anataka mabeki, na mwenye timu zote kufunga anataka kipa achoke kidogo. Wote wanajiita wachambuzi.

Tuzungumze mpira basi. Mechi ya kwanza tulifungwa 3-0 na Morocco. Hadi dakika ya 70 ilikuwa 1-0, Novatus Miroshi akatolewa kwa kadi nyekundu, na ndani ya dakika tatu, ya 77 na ya 80, tukala mawili. Kocha Adel Amrouche akafungiwa na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, mechi nane kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco, na Hemed Suleiman akabebeshwa timu katikati ya mashindano. Katika hali hiyo alipata sare mbili. Kumsimanga kwa 0-0 na DR Congo, timu iliyokuja kufika nusu fainali, ni kumwonea.

Kama unataka swali la haki, uliza juu ya Zambia. Simon Msuva alitufungia dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, tukawa na kipindi kizima cha pili tukiwa wengi uwanjani. Tukarudi nyuma, tukawaachia mpira, Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Hapo ndipo tulipoacha pointi mbili, na hapo ndipo benchi linapaswa kuhojiwa: nani aliingia, lini, na kwa nini hatukuumiliki mpira dhidi ya watu kumi. Sijapata hata barua moja iliyouliza hivyo. Nimepata rundo la ova 2.5.

Jambo jingine: kikosi huchaguliwa kwa ajili ya mashindano mazima. Ivory Coast walimbeba Sébastien Haller na Simon Adingra wakiwa majeruhi mwanzoni. Timu ikapigwa 4-0 na Equatorial Guinea nyumbani kwao, kocha Jean-Louis Gasset akaondoka, Emerse Faé akapewa jahazi. Haller ndiye aliyefunga bao pekee la nusu fainali dhidi ya DR Congo, kisha bao la ubingwa dhidi ya Nigeria, kwa krosi ya Adingra. Mwenye mkeka wa wiki ya kwanza angewaacha wote wawili nyumbani. Kwetu ubishi unakwama pale pale kila mara: wangapi wa Simba, wangapi wa Yanga. Kocha akiita watu kwa kulinganisha rangi za jezi, tutaendelea kuhesabu pointi mbili mbili.

Binamu yangu yuko karibu na kambi ya timu ya taifa. Huniambia nani ataanza kabla kikosi hakijatangazwa. Kuna ubaya nikiweka? (Msomaji, ameomba mkoa usitajwe)

Upo, na utamfika binamu yako kwanza. Desemba 2020 Kieran Trippier, beki wa England, alifungiwa wiki kumi na kutozwa faini ya pauni 70,000. Yeye mwenyewe hakubeti. Aliwapa jamaa zake habari za uhamisho wake kwenda Atlético Madrid, nao wakabeti. Taarifa za ndani si mali ya mtu mmoja kuwagawia ndugu. Mchezaji, daktari wa timu, mtunza vifaa, hata dereva wa basi, akizitoa kwa ajili ya kubeti anahatarisha kazi yake. Na mtu akishazoea kutoa jina la kipa kwa elfu hamsini, siku moja ataombwa kitu kikubwa zaidi na mtu ambaye si binamu yake. Mwambie aache, leo.

Kuna jamaa Telegram anauza mechi fiksi za mashindano, shilingi 20,000 tu. Ana picha za mikeka aliyoshinda. (Wasomaji wa Dodoma, Arusha, Kahama na kwingineko)

Mmeniuliza hili mpaka nimechoka, na bado mnatuma hiyo elfu ishirini. Ni utapeli. Picha za mikeka hutengenezwa kwa simu. Tena jamaa huwapa watu tofauti matokeo tofauti: kundi moja linapewa ushindi wa mwenyeji, jingine sare, jingine ushindi wa mgeni. Kundi litakalopatia ndilo litakalomsifu na kununua tena.

Upangaji matokeo upo, sikatai. Novemba 2016, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kati ya Afrika Kusini na Senegal, refa Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penalti kwa madai kwamba Kalidou Koulibaly ameushika mpira, ilhali ulimgonga goti. Afrika Kusini wakashinda 2-1. Mwenendo wa pesa kwenye soko la kubeti ndio uliosaidia kumuumbua. FIFA ikamfungia maisha na kuamuru mechi irudiwe. Novemba 2017 Senegal walishinda 2-0 na kufuzu kwenda Urusi. Mnaona wenyewe: penye upangaji wa kweli zinaingia pesa nyingi hadi soko linatikisika. Mwenye siri ya namna hiyo haiuzi kwa bei ya kilo chache za nyama.

Mchezaji akikosa penalti na kutuchania mikeka, si haki yetu kumwambia ukweli kwenye kurasa zake? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Achraf Hakimi wa Morocco aligonga mwamba kwa penalti dakika ya 85 dhidi ya Afrika Kusini, na ni mmoja wa mabeki bora duniani. Hana deni na mtu yeyote aliyeweka pesa kwa jina lake. Andrés Escobar wa Colombia alijifunga dhidi ya Marekani kwenye Kombe la Dunia la 1994, na siku kumi baadaye akauawa kwa risasi Medellín. Matusi mnayoyaandika usiku wa manane husomwa na mama zao pia.

Mume wangu aliweka ada ya mtoto kwenye mechi za AFCON, akisema atairudisha mara mbili. Imeisha. Sasa anataka kukopa arudishe. Nifanye nini? (Msomaji, Temeke)

Dada yangu, pole sana. La kwanza, asikope. Kufukuza pesa iliyopotea kwa pesa ya mkopo ndiko kulikozamisha nyumba nyingi ninazozijua, na mikopo ya haraka ya kwenye simu ni mibaya zaidi kwa sababu riba inakimbia kuliko mshahara. La pili, nenda shuleni mwenyewe, zungumza na mwalimu mkuu au mhasibu, omba kulipa kwa awamu. Shule nyingi hukubali mzazi akijitokeza mapema. La tatu, kaeni na mtu anayemheshimu, kaka yake au mzee wa familia, na aombe kampuni anayobetia imfungie akaunti. Kampuni zenye leseni zina utaratibu huo, na ombi liandikwe mbele yenu. Ada ijayo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule siku pesa inapoingia, isilale kwenye simu yake hata usiku mmoja. Akikataa yote haya, jua kwamba tatizo limeshavuka mpira, na hapo anahitaji mshauri nasaha, tena mapema.

Nina miaka 17. Naweza kutumia akaunti ya kaka? (Msomaji, Iringa)

Hapana. Sheria inasema 18, na kaka yako anayekupa namba ya siri anavunja sheria pamoja na wewe.